Jina Lisilosikika Kitengela

"Si uitoe tu hiyo jina," Seleyian alisema. "Ni kazi ya dakika mbili. Uliniambia mwenyewe."

Alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi juu ya meza ya chakula, blanketi limetandikwa chini, na hakuinua macho. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya Januari. Mumewe, Wangila, alikuwa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Tangu Krismasi alikuwa ameombwa jambo hilo mara tatu, na mara zote tatu alikuwa mlangoni, kwa sababu Seleyian alijua kuchagua wakati ambao mtu huyu wa maelezo marefu hangepata nafasi ya kuyatoa.

"Kuna mashine za zamani zinaitegemea," alijaribu. "Nikiitoa ghafla, Oltepesi watakosa faili za wagonjwa."

"Sijasema ghafla. Nimesema uitoe."

Pasi ilipita kwenye kola, ikarudi, ikapita tena mahali palepale palipokwisha kunyooka.

"Watu wanaiita siku mzima," akasema. "Jana yule daktari mgeni amesimama kwa kaunta yangu akapiga kelele, eti Nasi..." Hapo alisita, hakulimalizia. "Eti amekufa tena. Nani atamwasha. Mbele ya wagonjwa wote. Na yeye hajui. Mtu hajui, utamkasirikia aje?"

Wangila alivaa kiatu cha pili. Alitamani kuuvuka ule ukumbi mdogo na kumshika mkewe bega, na hakuuvuka. Alisema ataangalia atakachofanya, akatoka kwenda kazini Kajiado.

Wote wawili waliajiriwa na shirika moja dogo lenye zahanati nne: Kajiado mjini, Kitengela, Oltepesi na Kimana. Seleyian alikuwa mapokezi tawi la Kitengela, umbali wa kutembea kutoka nyumba waliyopanga. Wangila ndiye aliyekuwa mtu wa kompyuta wa zahanati zote nne, na ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya stoo ya dawa huko Kajiado. Cheo chake kwenye barua kilikuwa kirefu. Watu walimwita fundi, na hakuona ubaya.

Jina lenyewe alilitoa yeye. Seva ya kwanza ya shirika ilipoletwa, sanduku jeusi lenye kelele za feni, mhandisi aliyekuja kuifunga alimuuliza, "Tuiite nani?" Wangila alikuwa na binti wa wiki mbili nyumbani, wa kwanza, na hakuwa amelala sawasawa tangu azaliwe. Hakufikiri hata kidogo. "Nasimiyu," alisema, jina ambalo Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa wakati wa kiangazi, na ambalo lilikuwa la bibi yake. Mhandisi alicheka, akaliandika.

Basi wauguzi wote wa matawi yote wakafundishwa vivyo hivyo: fungua kivinjari, andika nasimiyu, weka mkwaju, ule mstari wa kuinama, mwishoni, bonyeza, faili za wagonjwa zitafunguka. Mtandao ukiwa mzito walisema Nasimiyu ana usingizi. Umeme ukipotea, Nasimiyu amelala. Na mtoto mwenyewe akiletwa zahanati siku za likizo, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka cha mama yake na kalamu mdomoni, walimtania kwamba ndiye aliyewafungia faili asubuhi nzima. "Nilikuwa nimelala tu kidogo," angewajibu, bila hata kucheka, kama mkubwa mwenzao.

Alikufa mwezi wa sita. Homa ya uti wa mgongo, siku nne. Wazazi wawili walioishi katikati ya madaktari na vipimo, na siku nne zikawashinda. Walimzika Chwele, kwa kina Wangila, na shangazi yake Wilkister alisimama kando ya kaburi akasema kwa sauti kwamba jina hilo haliendi mbali. Mtoto wa kike atakayetangulia kuzaliwa katika ukoo ndiye atakayelichukua. Wangila aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika kamba. Alirudi Kitengela nayo.

Lakini mama mkwe naye alikuwa na maneno yake. Alikaa nao siku saba baada ya mazishi, akipika na kufua na kunyamaza. Wangila alimwita Pakerr, kwa ajili ya kondoo aliyempa wakati wa harusi, naye mama alimwita Wangila vilevile, ndivyo desturi ya Wamaasai. Siku ya kurudi kwake Oltepesi alimwita nje, karibu na tangi la maji la mwenye nyumba.

"Pakerr," alimwambia. "Jina ya mtoto imeenda na mtoto. Sisi hatuiti tena kwa nyumba. Mkiita, mama yake hatapona."

Alikuwa mbele ya mwanamke mzima, tena mama wa mkewe, mwenye macho yaliyovimba kama yake. Alisema sawa.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa na shimo, na shimo lilikuwa kubwa kuliko walivyodhania. Kwa miaka kumi na moja Seleyian alikuwa Mama Nasimiyu, na Wangila Baba Nasimiyu. Hawakuwahi kuitana vinginevyo. Sasa hawakuwa na cha kuitana. "Sikia," mmoja angesema kutoka jikoni. "Wewe," mwingine angeitikia kutoka chumbani. Walikula, walilipa kodi, waliuliziana kuhusu maji na gesi, na kila mmoja alimlilia mtoto kwa zamu yake bafuni bomba likiwa wazi.

Mahali pekee ambapo Wangila aliweza kulisikia jina hilo likitajwa na watu wazima, kwa kawaida tu, bila kuinamisha kichwa, palikuwa kazini. "Fundi, Nasimiyu yuko sawa leo?" Aliwajibu yuko sawa. Hakuna aliyejua alivyolisubiri swali hilo.

Na sasa hapo pia palikuwa panafungwa. Lile sanduku jeusi lilikuwa limezeeka, na Bi. Mumbi, mkurugenzi, aliamua kila kitu kihamie kwenye wingu, yaani kwenye mitambo ya kukodi iliyo mbali, kabla Februari haijaisha. Alitaka pia majina yanayoeleweka. "Mtu mgeni akija hapa, ajue anafungua nini," alimwambia Wangila kwa upole, kwa kuwa alihudhuria mazishi na alijua. "Tuite faili. Inatosha."

Kazi iliyobaki ilikuwa ya majina hasa. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba, na lazima pawe na orodha mahali fulani ya kusema jina hili ni namba ile. Kwenye wingu orodha hiyo hugawanywa kwa zoni. Zoni ya umma ni ya kila mtu duniani: ndimo mlimokuwa na tovuti ya shirika, na ukurasa wa wagonjwa kusoma majibu ya maabara kwa simu. Zoni ya ndani ni ya wenye nyumba. Husikiwa tu na mitandao iliyounganishwa nayo, na mtu wa nje akiuliza jina lililomo humo, ataambiwa halipo.

Wangila alijifunza kazi hiyo kwa kukosea, kama alivyojifunza nyingine zote. Alipounda zoni ya ndani mara ya kwanza aliipa jina la ukoo lilelile la zoni ya umma, yaani anwani kuu ya shirika, akasahau kunakili rekodi ya ukurasa wa majibu. Asubuhi yake simu ililia kutoka Kimana. Alikuwa Adow, tabibu wa tawi lile.

"Wangila, walahi umenimaliza," alisema Adow. "Niko na mama hapa wa vitunguu. Yeye kwa simu yake anaona majibu ya damu. Mimi daktari, kwa computer ya shirika, naambiwa hakuna kitu kama hiyo. Umenifungia nje ya nyumba yangu?"

"Nimekufungia ndani," Wangila alisema, akicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na akaeleza: mashine zikishapewa orodha ya ndani huiamini hiyo tu. Ikisema hapana, haziendi kuuliza nje. Alinakili rekodi ile, na Adow akaachiliwa.

Jioni ya siku ile ya pasi, ofisi ya Kajiado ilipokwisha kubaki tupu, Wangila aliketi mbele ya ukurasa wa zoni na kufanya jambo ambalo hakumwambia mtu.

Jina jipya, faili, aliliweka kwenye zoni ya ndani ya matawi yote manne. Kisha akaunda zoni nyingine ya ndani, ndogo, yenye jina moja tu ndani yake. Nasimiyu. Ukurasa ukamuuliza zoni hiyo isikiwe na mitandao ipi, ukampa orodha ya matawi, kila moja na kisanduku chake cha kutia tiki. Akatia Kajiado. Akatia Oltepesi, akatia Kimana. Mkono wake ukakaa juu ya Kitengela muda mrefu, kisha akakiacha kisanduku hicho kitupu, akahifadhi.

Alijiambia ni kwa ajili ya mashine za zamani. Mashine za zamani zilikuwa mbili, na angeweza kuzibadilisha kwa siku moja. Ukweli ni kwamba hakuweza kumzika mtoto mara ya pili, na hakuweza kumwacha mkewe ateswe, na akaona amepata njia ya kutochagua. Jina lingeishi kila mahali isipokuwa pale alipokaa Seleyian. Lilikuwa wazo la busara sana kwa fundi, na kwa mume lilikuwa wazo baya, lakini wakati huo alikuwa fundi.

Jumapili alikwenda tawi la Kitengela peke yake, akabadilisha kila kompyuta ianze na jina jipya. Usiku wakiwa mezani alisema, "Nimeitoa."

Seleyian aliweka kijiko chini. "Yote?"

"Hutaisikia tena."

"Asante," alisema, na akabaki akitazama sahani kwa muda ambao Wangila aliusoma kuwa ni nafuu. Alijiona mwongo, kisha akajisamehe, kisha akajiona mwongo tena. Lakini ugali uliliwa ukaisha usiku huo, na hilo halikuwa limetokea kwa miezi.

Zikapita wiki tatu.

Kabla ya kuzima seva ya zamani, Bi. Mumbi alitaka kujua nani bado anauliza jina la kale. Hilo huonekana kwenye logi, daftari linalojiandika lenyewe: saa fulani, mashine fulani iliuliza jina fulani, ikajibiwa hivi. Wangila aliifungua asubuhi ya Jumatano. Oltepesi, mara nyingi, sawa. Kimana, mara chache. Kajiado, yeye mwenyewe, na hakuhesabu.

Halafu Kitengela.

Swali moja kwa siku. Siku za kazi tu, kati ya saa saba na saa saba na robo mchana. Nasimiyu. Jibu: jina hilo halipo. Kesho yake tena, halipo. Kesho kutwa, halipo. Wiki tatu, bila kukosa siku.

Printa, aliwaza. Kuna printa au mashine ya maabara niliyoisahau, imewekwa kutuma kitu kila mchana. Kuhusu idadi hakuwa na uhakika, kwa sababu swali likijibiwa hapana, kisanduku cha intaneti cha tawi, yaani ruta, hulikumbuka hilo jibu, na mtu akiuliza tena humjibu chenyewe bila kusumbua wingu. Ni Wangila aliyeamua kikumbuke kwa muda gani. Aliandika saa nzima. Hivyo swali moja kwenye logi lingeweza kuwa moja au lingeweza kuwa mia.

Alhamisi alikwenda Kitengela kuitafuta hiyo printa.

Tawi lilikuwa limejaa. Wafanyakazi wa machimbo ya mawe na vumbi lao jeupe nyweleni, akina mama na watoto wa kliniki, boda boda mmoja aliyefungwa kanga gotini. Seleyian alimwona akiingia, akamwitikia kwa kichwa kama mfanyakazi mwenzake, akarudi kwenye foleni yake. Wangila alizunguka chumba kwa chumba. Printa hazikuwa na shida. Mashine ya damu haikuwa na shida. Alipolinganisha namba ya kifaa iliyoandikwa kwenye logi na vifaa vya tawi, ikabaki kompyuta moja tu, ya kaunta ya mapokezi. Saa tano mkewe alipopeleka faili chumba cha daktari, alikaa kwenye kiti chake na kuipekua haraka. Hakukuwa na kitu chochote kilichojiuliza chenyewe. Jina la kale halikuwa limehifadhiwa popote.

"Hiyo haina shida," Deeqa alimwambia. Deeqa alikuwa wa maabara, msichana mwenye kusema, na alikuwa amesimama mlangoni pake akivua glavu. "Hata lunch mwenyewe hatoki hapo. Kila siku namwambia, dada, twende tukule, anasema nendeni. Anafunga mlango anabaki."

"Anafanya nini?"

"Sijui. Nilidhani anaangalia filamu." Deeqa alifikiri. "Lakini haina sauti."

Maabara ilikuwa na kidirisha cha kupokelea chupa za mkojo, kinachotazama mapokezi kwa nyuma. Saa saba ilipofika, na wagonjwa wakaambiwa warudi saa nane, na Deeqa na wenzake wakatoka kwenda kula, Wangila alibaki humo ndani kati ya mirija na majina ya watu. Alijiambia anasubiri kuona mashine. Alisimama kando ya kidirisha.

Seleyian alifunga mlango wa mbele. Alifuta kaunta kwa kitambaa. Aliketi, akavuta kibodi karibu, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, mtu ambaye siku nzima huandika kwa vidole kumi bila kutazama. Wangila alizihesabu herufi. Nane. Kisha mkwaju. Kisha akabonyeza.

Ukurasa mweupe ukaja, na yale maandishi ya kijivu katikati. Ukurasa huu haupatikani. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa.

Akayasoma. Akafuta yote, hakutumia njia ya mkato, akaandika upya herufi moja moja. Ukurasa mweupe. Akafuta. Akaandika.

Mama yake alikataza kulitamka. Hakusema neno kuhusu vidole.

Wangila alihesabu mara tisa. Kwenye logi ya leo ingeonekana mara moja. Alisimama pale, mwanamume wa miaka arobaini na saba, akaona wiki tatu za mkewe zilivyokuwa: kila mchana anamwita mtoto, na kila mchana kuna mtu anamjibu hakuna mtoto kama huyo, hakikisha umeandika sawasawa. Na mtu huyo alikuwa yeye. Yeye ndiye aliyekaa Kajiado na kuchagua kisanduku kipi kibaki kitupu. Alijiwekea jina matawi matatu, alisikie atakavyo, na kumwachia Seleyian hapana. Aibu ilimshika mpaka akahisi joto masikioni.

Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya darubini. Zoni ndogo. Orodha ya matawi. Akatia tiki Kitengela, akahifadhi, akarudi mbio kwenye kidirisha.

Seleyian aliandika mara ya kumi. Ukurasa mweupe.

Bila shaka. Hapana ile ilikuwa imeshakumbukwa, na ingekumbukwa mpaka saa nane na dakika kadhaa. Saa nzima, aliandika kwa mkono wake, kwa sababu vitabu vya kazi vilisema saa nzima ni muda mzuri. Angeweza kuifuta kwa kukizima na kukiwasha kile kisanduku cha intaneti, nacho kilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha mkewe. Ingebidi atoke. Ingebidi apite nyuma ya kiti chake, ainue mkono, na aseme alikuwa ameona. Alibaki kando ya kidirisha.

Mara ya kumi na moja hakubonyeza. Aliliandika jina, akaliacha hapo juu kwenye ule mstari, akaweka mikono mapajani akalitazama. Hakulia. Ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama angelia. Saa nane kasoro tano alilifuta, akapangusa kibodi kwa kile kitambaa cha kaunta, akaenda kufungua mlango.

Watu wakaingia na vumbi. Deeqa akarudi, akamkuta Wangila amekaa kwenye stuli na kompyuta imefungwa mapajani.

"Umeipata hiyo shida?"

"Nimeipata."

"Ni ya mashine?"

"Hapana," Wangila alisema. "Mashine haina shida."

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka jengo, akaingia tena kwa mlango wa mbele. Mlinzi, Mulwa, aliyekuwa akigawa vikaratasi vya namba, alimtazama kwa mshangao. "Fundi, wewe pia ni mgonjwa?"

"Nipatie tu namba, Mulwa."

Alipewa hamsini na tatu. Alikaa kwenye benchi. Hangeweza kueleza vizuri kwa nini hakungoja jioni. Labda kwa sababu nyumbani kila mmoja wao alikwisha kujua pa kumkwepea mwenzake, jikoni, bafuni, mlangoni na kiatu mkononi. Hapa palikuwa na foleni, na foleni hukufikisha mahali utake usitake. Mara mbili alitaka kuinuka. Mara ya pili mama aliyekaa karibu naye alimwekea mtoto mapajani bila kuuliza, ili atafute kadi ya kliniki mkobani, na mtoto akamshika tai, na Wangila akabaki.

Hamsini na mbili alikuwa Njuguna, mchonga mawe, na kidole kimefungwa kitambaa chenye damu. Seleyian alimuuliza maswali aliyouliza kila mtu, macho kwenye kioo cha kompyuta, sauti ya kazi, isiyo baridi wala moto. Njuguna akapewa kadi, akaelekezwa chumba namba mbili.

"Hamsini na tatu."

Wangila aliinuka, akasimama mbele ya kaunta. Aliona utepe wa shanga kwenye kifundo cha mkono wa mkewe, na kola aliyoipiga pasi asubuhi. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibodi.

"Jina la mgonjwa?" aliuliza, bila kuinua macho.

Aliwaza kuhusu Pakerr na tangi la maji. Aliwaza kwamba anaweza kuwa anamwua mke wake hapa, mbele za watu.

"Nasimiyu," alisema. "Nasimiyu Wangila."

Vidole vilisimama. Seleyian hakumtazama. Alitazama mbele, kwenye kioo, bila kukiona. Mtu fulani alikohoa nyuma. Mtoto wa yule mama alidondosha kitu sakafuni kikabingirika. Wangila aliushika ukingo wa kaunta akangoja ainuke, aondoke, apite mlango wa nyuma na asirudi.

Hakuinuka. Polepole, kwa kidole kimoja, akaanza kuandika. Wangila alisikia kila herufi.

"Miaka?" Seleyian aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika, ilikuwa ile ya nyumbani.

"Kumi na moja."

"Kumi na mbili," alisema. "Alifikisha Jumanne."

Kisha akakishika kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu kwenye kaunta, mpaka kikawa katikati yao, jina likisomeka kwa wote wawili.